Mama anachoma insulini na magoti yanamuuma, jee anaweza kumeza Panadol?

Asalaam aleikum dada. Natumai hujambo na kazi. Mie naandika kutoka Wete, Pemba, na nna jambo la mama yangu linanikosesha usingizi wiki ya pili hii.

Mama ana miaka 63 na sukari anayo mwaka wa tisa huu, mwanzo alikuwa akimeza vidonge tu lakini tokea mwaka juzi katiwa kwenye sindano, anachoma insulini ile nyeupe kama maziwa asubuhi na magharibi, na presha pia anayo, anakunywa enalapril na kile kidonge cha kukojoa. Wallahi ni mtu wa kujitunza. Friji yetu umeme ukikatika inakuwa kabati, kwaiyo chupa yake ya insulini anaitia kwenye kikopo chenye mfuniko halafu anakiweka kwenye mtungi wa udongo, na kila akitaka kuvuta dawa anaibiringisha chupa baina ya viganja taratibu mpaka ile dawa ilokaa chini ichanganyike, hatikisi kwa nguvu kwa sababu nesi alimwambia asitikise.

Sasa tatizo ni magoti. Msimu huu wa karafuu anakaa kitako kwenye jamvi anachambua makonyo kutoka alasiri mpaka usiku, ukimwambia mama inatosha anasema hii ndo ada ya skuli ya wajukuu. Akinyanyuka pale anashika ukuta. Usiku analalamika magoti na nyayo. Anataka kumeza Panadol lakini anaogopa, mana jirani yetu mmoja alimwambia mtu wa insulini hamezi dawa ya maumivu, ati dawa mbili kali hazikai pamoja, zikikutana ndani zinagombana. Basi unajua alichokuwa akifanya? Siku magoti yakimzidi anaiacha sindano ya magharibi ili ameze kidonge! Mie sikujua mpaka asubuhi moja nimempima nikakuta sukari 18.4 (mmol/L), ipo juu sana, nikamuuliza mama ulikula nini jana, ndo akanambia.

Tukamgombeza, akarudi kwenye sindano. Lakini ndugu yangu akaenda duka moja la dawa akaeleza tu kuwa mama anaumwa na magoti, akapewa bahasha ya khaki ndani mna vidonge aina tatu, juu imeandikwa kwa peni 1x2 basi, hamna jina. Kimoja alikijua kuwa ni diklofenaki, cha pili akaambiwa ni parasetamoli, cha tatu kidogo cheupe hatukijui. Mama akavitumia siku sita. Vilimpoza kweli, mpaka akawa anasema magoti yamekuwa ya kijana. Siku ya sita usiku saa tano akaanza kutetemeka, jasho linamtiririka kanga yote imerowa, anatutazama kama hatujui. Nikampima nikakuta 3.2. Nikampa chai ya sukari nyingi, baada ya kama robo saa akarudi akili.

Sasa nyumbani wote wanasema jirani alikuwa kweli, dawa zimegombana. Mama hataki tena kidonge chochote, anavumilia tu, juzi nilimkuta analia kimyakimya baada ya isha. Dada naomba unambie ukweli, jee insulini na dawa ya maumivu vinaweza kutumika pamoja au la? Na ikiwa vinaweza, ni dawa gani? Nshamficha ile bahasha lakini sijaitupa.

Mtoto wa kike, Wete

JIBU

Waaleikumu salaam mdogo wangu, na pole sana, mpe pole na mama. Hapo pa kulia baada ya isha pamenikaa moyoni, mana mtu mzima wa Pemba mpaka umuone analia kwa maumivu basi ujue yameshamfika shingoni.

Nianze na jibu lenyewe ili usiku wa leo mama alale. Ndio, mtu anaechoma insulini anaweza kumeza Panadol, yaani parasetamoli, kwa kipimo chake cha kawaida. Na sindano ya insulini haiachwi kwa ajili ya kidonge cha maumivu, hata siku moja. Mwambie hivyo kwa maneno yangu, mwambie mtu wa dirisha la dawa kasema.

Jirani yenu hakuwa na nia mbaya, maneno hayo nayasikia kila wiki hapa dirishani, watu wanadhani dawa zote zinaingia chungu kimoja zinapikwa pamoja. Lakini insulini haifiki tumboni kabisa, ndo mana inachomwa sindano, ingemezwa tumbo lingeisaga kama linavyosaga samaki. Inakaa chini ya ngozi pale ulipochoma, inaingia kwenye damu kidogo kidogo, kazi yake ni kuisukuma sukari itoke kwenye damu iingie mwilini. Parasetamoli inapita tumboni inaingia kwenye damu inapunguza maumivu na homa, halafu ini linaimaliza. Haipandishi sukari wala haishushi kwa kipimo cha kawaida, kila moja ina njia yake. Ile 18.4 haikuletwa na kidonge, ililetwa na sindano ilioachwa, na maumivu nayo yanasaidia kuipandisha, mana mwili ukiumwa sana unatoa sukari yake wenyewe. Kwahiyo mtu wa sukari kuvumilia maumivu si ushujaa, yanamdhuru.

(Kuna jambo moja dogo nalitaja kwa sababu ndugu walioko Omani na Uingereza siku hizi wanawaletea wazee vile vipimo vya kubandika mkononi vinavyosoma sukari mchana kutwa. Baadhi ya vipimo hivyo Panadol inavidanganya, vinaonesha sukari ipo juu kuliko ilivyo. Mama anapimwa kwa kutoboa kidole kwahiyo halimhusu, lakini kama jamaa yako anacho amuulize aliemletea.)

Kipimo. Kidonge cha parasetamoli cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima anameza kimoja au viwili, kisha anakaa saa sita ndo anarudia, na kwa mtu mwenye ini zima vidonge haviruhusiwi kupita 8 ndani ya saa 24. Kwa mama yenu mie ningemuwekea mpaka wa 6 kwa siku, mana umri wake huo, ana sukari na presha, na figo zake hatujui zipo vipi. Akiwa mwembamba sana, chini ya kilo 50, muulizeni daktari, huenda ikawa chini ya hapo. Na mtazame asije akameza parasetamoli mara mbili bila kujua, dawa nyingi za mafua na vidonge vingi vya maungo ndani mna parasetamoli hiyo hiyo, mtu anameza Panadol viwili halafu juu yake kidonge cha mafua akidhani ni vitu tofauti, ini ndo linaloumia. Ile ya kuyeyusha kwenye maji ikatoa povu asiizoee, ina chumvi nyingi na yeye ana presha.

Sasa tuje kwenye ule usiku wa saa tano, mana hapo ndo nyumba nzima ilipopata hofu.

Hebu mrudie siku ile ilivyokuwa, muulize mama taratibu. Alichoma sindano magharibi kama kawaida? Baada ya pale alikula nini, na saa ngapi? Nnavyoona mie, hiyo insulini ya maziwa huenda ni ile ya mchanganyiko, asilimia 30 yake ni ya haraka na 70 ni ya polepole, nguvu yake inapanda yakishapita masaa mawili baada ya kuchoma mpaka masaa manane hivi. Ukichoma magharibi, saa tano za usiku ndo ipo kwenye ukali wake. Inatakiwa ikute chakula. Mama wa karafuu anachoma sindano, anasema ngoja nimalize hili pakacha kwanza, anakula vijiko vitatu vya wali, na diklofenaki nayo inaleta kiungulia na kichefuchefu, hamu ya kula inapotea. Halafu mikono na mwili vinafanya kazi kutwa, kazi nayo inakula sukari. Ukiviweka pamoja hivi, 3.2 haishangazi. Sitashangaa ukinambia usiku ule alikula nusu sahani au hakula kabisa.

Na nikuulize jingine, huwa mnamkanda? Najua kwetu mtu akiumwa na miguu anakandwa maji ya moto na kuchuliwa mafuta, na mama wengi wanachoma insulini pajani. Ukimkanda paja kwa kitambaa cha moto au ukimchua pale pale alipochoma, insulini inaingia kwenye damu kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, sukari inaanguka. Hili watu wengi hawaambiwi. Siku anayotaka kukandwa miguu achome kwenye ngozi ya tumbo.

Kwahiyo dawa hazikugombana kwa namna ile jirani alivyosema. Lakini bahasha mie siitetei hata kidogo, na hapo nnakasirika kabisa. Mtu kampa mgonjwa asiyemuona dawa aina tatu bila jina, bila kuuliza kama ana sukari, ana presha, anatumia nini, si sawa!

Diklofenaki, na ndugu zake kama Brufen, hazigombani na insulini moja kwa moja, zinagombana na figo. Sukari ya miaka tisa inaweza kuwa ishaanza kuzichosha figo hata kama mgonjwa hajisikii kitu. Mama anakunywa enalapril, ni dawa nzuri na asiiache, na anakunywa kidonge cha kukojoa. Sasa enalapril, kidonge cha maji na diklofenaki vikiwa pamoja kwa mtu mmoja, kila kimoja kinaupunguza mkondo wa damu kwenye figo kwa njia yake, na siku ya jua kali mtu hajanywa maji ya kutosha figo zinaweza kusimama ghafla. Hawa ndo tunaowapokea wamevimba uso na mkojo umepungua, na mwanzo wake unakuta ni vidonge vya magoti. Tena figo ndo zinazosaidia kuiondoa insulini mwilini, zikilegea insulini inakaa muda mrefu zaidi, dozi ile ile alioizoea inaanza kumuangusha. Juu ya hayo diklofenaki inapandisha presha na inaweza kutoboa tumbo. Kwa mama yenu, diklofenaki isiingie mdomoni tena mpaka daktari aseme mwenyewe akiwa na majibu ya figo mkononi, na sindano ya diklofenaki pia ni hivyo hivyo, usidanganywe kuwa sindano haina neno kwa sababu haipiti tumboni.

Kile kidogo cheupe msichokijua ndo kinanitia wasiwasi zaidi. Siwezi kukwambia ni nini bila kukiona, lakini kwenye bahasha kama hizi za maungo mara nyingi huwekwa deksamethazoni au prednisoloni, yaani dawa za steroidi. Hizo zinapoza maumivu mtu anajiona kijana, ndo maneno ya mama mwenyewe hayo, lakini zinapandisha sukari vibaya sana, zinashusha kinga, kidonda cha mguu kinakataa kupona. Kama ndicho, basi kuna hatari nyengine ya pembeni: mtu sukari inampanda anaongeza insulini, kidonge kikiisha sukari inashuka na insulini bado ipo juu. Muulize mama kama siku zile alijiongezea dozi mwenyewe. Siku sita si nyingi, kuacha kwake hakuna tabu. Angekuwa katumia wiki nyingi au miezi nisingekwambia uache ghafla, ungempeleka kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo. Ukikutana na jamaa zako wanaotumia bahasha za namna hii kwa muda mrefu waambie hivyo hivyo.

Asprini nayo nisiipite. Ile ndogo ya moyo, miligramu 75 au 100, daktari akimuandikia aitumie, haina neno na insulini. Lakini asprini kubwa za kupoza maumivu, mtu akizimeza nyingi kila siku, hizo kweli zinaiongezea nguvu insulini na sukari inashuka. Kwahiyo ukitaka dawa moja ambayo ule woga wa jirani una ukweli kidogo ndani yake, ni hiyo. Asimeze kwa maumivu.

Ukienda dukani siku nyengine usiseme nipe dawa ya magoti. Sema mama yangu anachoma insulini na ana presha, dawa zake ni hizi, nataka kitu cha maumivu, kisha uombe kiwe kwenye karatasi yake chenye jina, usome jina dogo lililoandikwa chini ya jina la biashara, mana hilo ndo jina la dawa yenyewe. Akikataa kukuonesha jina, rudi nyumbani na pesa yako.

Na magoti yenyewe mdogo wangu. Kukaa kitako kwenye jamvi saa tano sita magoti yamekunjwa kunamuumiza hata angekuwa hana sukari. Mtafutieni kiti cha chini chenye mgongo, karafuu ziwekwe kwenye uteo juu ya meza ndogo au kasha, zimfuate yeye badala ya yeye kuzifuata, na kila nusu saa anyanyuke anyooshe miguu. Kuchuliwa magoti kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya, ukitia mafuta ya karafuu tia matone tu mana yakiwa makali yanaunguza ngozi. Maji ya moto kwenye magoti sawa, lakini uyapime wewe kwa kiwiko chako, usimuachie yeye, na nyayo msizikande kwa moto kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu uliandika magoti NA nyayo, ukapita haraka, mie hapo nikasimama. Muulize nyayo zinaumaje. Zinawaka kama kakanyaga mchanga wa jua, zinachomachoma sindano, zinakufa ganzi, zinazidi usiku? Basi hayo si maumivu ya kuchambua karafuu, ni mishipa ya fahamu ilioguswa na sukari, na Panadol haitofika mbali hapo. Dawa zake zipo nyengine, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, lakini hiyo anaandika daktari baada ya kumuangalia. Na mguu wenye ganzi hausikii moto, nimeona mwanamke nyayo imetoka malengelenge kwa maji ambayo yeye aliona ni vuguvugu. Leo usiku kabla hajalala chukua tochi ya simu, mtazame nyayo zote mbili na baina ya vidole, uangalie kama pana mchubuko, usaha, wekundu, ukucha ulioingia ndani. Makonyo ya karafuu yanachoma, anaweza kuwa kachomwa hajajua.

Na zipo hali ambazo Panadol isikuzubaishe, mtoe nyumbani siku hiyo hiyo: goti moja limevimba lina moto na ana homa, kidonda cha mguu, choo cheusi kama lami, uso kuvimba au mkojo kupungua, kifua kubana, au sukari imepita 15 na anatapika. Homa peke yake pia apimwe malaria, asimezeshwe Brufen kwa kubahatisha.

Ikimrudia ile ya kutetemeka na jasho, chini ya 4 usingoje. Ulichofanya kile ni sahihi na alhamdulillahi ulikuwepo. Vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, si ile isiyokuwa na sukari, baada ya dakika 15 mpime tena, akiwa bado chini mrudie, akipanda ale kitu cha kukaa tumboni, muhogo au mkate. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, mlazeni ubavu mumkimbize hospitali. Sindano inayofuata asiiache kwa hofu, ila mkimbilie daktari wa kliniki kwa simu au kwa miguu, yeye ndo atakaesema dozi ipunguzwe au la, mie wa dirisha la dawa dozi ya insulini siibadilishi.

Kwahiyo leo: amalize kuchambua, anawe, achome, na ndani ya nusu saa sahani iwe mbele yake, asirudi kwenye jamvi kabla ya kula. Akiumwa wakati wa kulala ameze Panadol viwili. Wiki hii mpeleke kliniki yake ya sukari hapo hospitali ya Wete, waombe wampime figo, damu na mkojo, na umwambie daktari habari ya nyayo. Ile bahasha ya khaki uitie kwenye mkoba uende nayo, vizuri sana kuwa hukuitupa, daktari au mfamasia akikiona kile kidonge huenda akakijua kwa alama zake.

Na kesho asubuhi kabla hajanywa chai mpime uniandikie imesoma ngapi.